Yatima wa Porini: Kuokoa si Kuchukua



Somo letu la mara hii ni la kila kikundi kilicho karibu na mbuga, msitu, mto au malisho, na hiyo ni karibu sisi sote. Mvua ikinyesha na nyasi zikiota, wanyama wengi huzaa. Huo ndio wakati vijana wachungaji huja nyumbani na mtoto wa swala ndani ya koti, na watoto wa shule huja na kinda la ndege ndani ya kofia. Ukame nao ukizidi, ndama wa ndovu hutumbukia visimani wakitafuta maji. Kila mara swali huwa ni lile lile: tumsaidie vipi?

Tukimaliza somo hili, kila mwanachama awe anajua mambo matatu. Kwanza, kumtambua mtoto wa mnyama aliye yatima kweli na yule ambaye mama yake yuko karibu. Pili, la kufanya na la kutofanya kabla msaada haujafika. Tatu, kazi ambayo kikundi chenyewe kinaweza kufanya ili yatima wapungue.

Tengeni saa moja na nusu. Someni kwa sauti, sehemu moja moja, na msimame pale mnapotaka kuulizana.

MCHEZO WA KUANZIA

Wanachama wawili waigize. Mmoja ni Nyanya, mwingine ni mjukuu wake. Wengine wasikilize.

KIJANA: Hodi, Nyanya! Njoo uone nilichokuletea.

NYANYA: Karibu, mjukuu wangu. Ni nini hicho kinatetemeka kwa koti?

KIJANA: Ni mtoto wa swala. Nimempata kwa nyasi kule chini mtoni. Yatima, maskini.

NYANYA: Pole yake. Mama yake amekufa na nini?

KIJANA: Sijui. Sikumwona.

NYANYA: Hukumwona akiwa amekufa, ama hukumwona kabisa?

KIJANA: Kabisa. Mtoto alikuwa amelala peke yake. Hata hakujaribu kukimbia.

NYANYA: Haya. Wewe ulipokuwa mdogo, mama yako akienda kupalilia, alikuwa anakulaza wapi?

KIJANA: Si chini ya mti, juu ya leso?

NYANYA: Na kama mtu angepita njiani, akuone peke yako, aseme "yatima, maskini," akubebe akupeleke kwake?

KIJANA: Mama angelia.

NYANYA: Basi huko mtoni kuna mama anayelia sasa hivi. Twende ukanionyeshe mahali ulipomtoa, kabla jua halijatua.

Baada ya mchezo, mwenyekiti aulize: Je, kijana huyu ana roho mbaya? Hapana. Ana huruma, na huruma ni jambo jema. Lakini huruma yake ilitangulia macho yake. Alimchukua kabla ya kujua. Neno la kukumbuka katika somo hili lote ni hili: kuokoa si kuchukua.

JE, NI YATIMA KWELI?

Wanyama hawalei watoto kwa njia moja. Tukijua desturi ya kila mmoja hatutadanganyika.

Watoto wa kufichwa. Swala, digidigi na pongo huwaficha watoto wao kwenye nyasi au kichaka siku za kwanza za maisha. Mama huenda kula mbali kidogo, kisha hurudi mara chache kwa siku kumnyonyesha. Mtoto huyo hana harufu kali, na akisikia hatua hulala kimya bila kutikisika. Hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya fisi na mbweha. Sisi tunaona mtoto mnyonge aliyeachwa, kumbe ni mtoto mtiifu anayefanya alivyofundishwa. Sungura wa porini naye huwaacha watoto wake kutwa nzima na kuja kuwanyonyesha gizani. Hata simba jike huwaficha watoto wake kichakani majuma ya kwanza, akaenda kuwinda. Kwa hiyo ukiwaona watoto wa simba peke yao, ondoka pole pole njia ile uliyojia, kwa sababu mama anaweza kuwa nyuma yako.

Watoto wa kufuata. Nyumbu na pundamilia ni tofauti. Mtoto husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama. Ukimwona ndama wa nyumbu peke yake, hakuna kundi upande wowote, huyo huenda amepotea kweli.

Watoto wa pamoja. Twiga huwaacha ndama wao mahali pamoja, mara nyingine na mama mmoja wa kuwaangalia, wengine wakaenda kula. Ni kama shule ya nasari. Usifikiri kwamba mama wote wamekufa.

Watoto wa kubebwa. Nyani, tumbili na mbega hubeba watoto wao kifuani au mgongoni. Mtoto mchanga wa nyani aliye chini peke yake si jambo la kawaida. Lakini komba ni tofauti. Usiku anapotafuta chakula humwacha mtoto ameshika tawi, kisha akarudi kumchukua.

Makinda ya ndege. Kinda ambalo limeota manyoya na linarukaruka chini halijaanguka, linajifunza kuruka, na wazazi wake wanalilisha pale pale. Mwondoe paka na mwite mbwa, basi. Kinda ambalo halina manyoya limeanguka, lirudishe kwenye kiota. Watu wengine husema ndege akisikia harufu ya mtu kwa kinda lake hulikataa. Si kweli. Atalipokea.

Wasio na ulezi kabisa. Kobe, kenge na nyoka wengi huanguliwa bila mama kuwangoja. Mtoto wa kobe aliye peke yake njiani hajapotea. Mvushe barabara upande ule aliokuwa akielekea, umwache.

DALILI ZA YATIMA WA KWELI

Mtoto wa mnyama anahitaji msaada ukiona mojawapo ya haya:

1. Mama amekufa na wewe umemwona.
2. Mtoto ana jeraha, damu, mfupa uliovunjika, au waya wa mtego shingoni au mguuni.
3. Nzi wamemjaa na wanataga mayai mwilini mwake.
4. Amezunguka akilia muda mrefu, au amedhoofika hawezi kusimama, na mama hajaonekana.
5. Ametumbukia kisimani, kwenye tope au kwenye shimo la choo.

Kama hakuna hata moja kati ya haya, rudi nyuma. Rudi mbali kweli, hata usionekane, kwa sababu mama hatakuja akikuona umesimama hapo na watoto kumi na mbwa watatu. Mtume mtu mmoja mtulivu, akae upande ambao upepo hautampelekea mama harufu yake, atazame. Mara nyingi mama huja tukishaondoka.

Na kama tayari umemchukua? Mrudishe mahali pale pale ulipomtoa, upesi, siku hiyo hiyo. Usione haya. Mara nyingi mama wa swala humpokea mtoto wake hata kama ameguswa na mtu.

Tuongeze onyo hapa. Ukimkuta mama amekufa lakini hana jeraha lolote, na damu inamtoka puani au mdomoni, usimguse, usimchune, usile nyama yake. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Zuia mbwa na mifugo, kisha umjulishe daktari wa mifugo na KWS.

HATUA ZA KUFUATA

Tuseme sasa mmehakikisha kwamba ni yatima. Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: Toeni habari. Pigeni simu kwa kituo cha KWS kilicho karibu, au mjulisheni chifu au askari wa hifadhi ya jamii awapigie. Mseme ni mnyama gani, yuko mahali gani, ana hali gani na mmemwona tangu saa ngapi. Nambari hiyo isitafutwe siku ya shida. Iandikwe leo kwenye daftari la kikundi na kwenye ukuta wa duka, shule na zahanati.

Hatua ya pili: Ondoeni watu. Kelele na kuguswa-guswa huua. Swala aliyefukuzwa na kushikwa kwa nguvu anaweza kufa saa kadhaa baadaye, au hata siku kadhaa, ijapokuwa hana jeraha. Hofu na mbio huharibu misuli yake, na sumu ya misuli hiyo huingia kwenye damu. Kwa hiyo si mchezo wa kuigiza. Asipigwe picha, asibebwe na kila mtoto wa kijiji.

Hatua ya tatu: Kinga na joto. Kama askari wamewaambia mmwondoe, mtu mmoja amfunike kwa gunia safi au blanketi, pamoja na macho, kwa sababu giza humtuliza. Awekwe kwenye sanduku lenye matundu au chumba kitupu chenye kivuli, mbali na mbwa, mbuzi na jiko. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa kando yake, humsaidia sana.

Hatua ya nne: Msimlishe. Tunajua hili ni gumu kwa akina mama. Mtoto analia, maziwa yapo, utakaaje? Lakini ngojeni mpaka mmeelekezwa na KWS au daktari wa wanyama. Mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Na akilazwa chali kama mtoto wa binadamu akatiliwa maziwa mdomoni, yataingia mapafuni na atakufa kwa nimonia.

Hatua ya tano: Jikingeni. Mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, hata akiwa mdogo na mzuri wa sura. Mtoto wa mbweha, nguchiro au paka-mwitu anayekuja kwa watu bila woga, anayepepesuka au kutokwa na mate mengi, asiguswe kabisa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje aone kama ataugua. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa nyani na mbega waliogongwa na gari, tazama kwanza kifua cha mama aliyekufa. Mara nyingi mtoto bado amemshikilia. Usimvute kwa nguvu. Huko Diani, pwani ya kusini, shirika la Colobus Conservation limefanya kazi ya kuwaokoa nyani wa aina zote tangu 1997. Wao pia wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kushuka chini. Mtoto wa mbega akizaliwa ni mweupe pe, kwa hiyo asidhaniwe kuwa ni mgonjwa.

MAZIWA GANI?

Watu wengi huuliza: si maziwa ni maziwa? Ng'ombe wetu anakamuliwa asubuhi, tumpe yatima. Hebu tuone jambo hili lilivyowasumbua hata wataalamu.

Ndama wa ndovu huzaliwa baada ya mimba ya miezi 22, akiwa na uzito wa kama kilo 100. Kwa miaka miwili ya kwanza hawezi kuishi bila maziwa. Lakini maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuhara humwua, kwa kuwa mafuta ya maziwa hayo si kama ya mama yake. Daphne Sheldrick, ambaye mume wake David alikuwa msimamizi wa mbuga ya Tsavo Mashariki, alitafuta dawa ya tatizo hili kwa miaka mingi. Ndama baada ya ndama walimfia mikononi. Mwishowe aliona kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta ya maziwa ya ndovu, akayachanganya na maziwa ya unga ya watoto. Miaka ya 1970 ndama mdogo aliyeitwa Aisha aliendelea vizuri kwa mchanganyiko huo.

Kisha Daphne akaondoka siku chache kwa ajili ya arusi ya binti yake. Aisha hakukosa maziwa, alimkosa mtu wake. Alikataa kula, akafa.

Hapo watu walijifunza kwamba yatima hana njaa ya tumbo tu. Leo, katika kituo cha Sheldrick kilicho ndani ya mbuga ya Nairobi, walezi hulala na ndama usiku na kumnyonyesha kila baada ya saa tatu. Nao hubadilishana, ili ndama asimpende mtu mmoja tu. Shirika hilo lilianzishwa 1977, na limelea ndovu yatima zaidi ya 300. Wakikua hupelekwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, na huko hujiunga na ndovu wa porini pole pole kwa miaka mingi. Wengine wamezaa watoto wao wenyewe huko.

Sasa fikirini: walezi wa zamu, maziwa usiku na mchana, daktari, na miaka hata kumi ya kungoja. Ni kijiji gani kitaweza hayo kwa mnyama mmoja nyuma ya jiko? Hata paa mdogo anahitaji maziwa yake ya aina yake, kwa kipimo chake. Ndiyo maana tunasema kazi yetu ni kumfikisha kwa wanaojua, haraka na akiwa hai.

Lakini pia jamii inaweza kufanya makubwa ikijipanga. Huko Samburu, katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, kituo cha Reteti kilifunguliwa 2016. Ni cha wenyeji wenyewe, na walezi, wanaume kwa wanawake, wametoka katika jamii hiyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, maziwa ya unga kutoka nje yalipokuwa shida, walianza kutumia maziwa ya mbuzi, yakichanganywa na virutubisho vingine. Ndama waliyapokea vizuri. Maziwa hayo huuzwa na akina mama wafugaji wa hapo hapo. Mbuzi wa mama wa kijijini anamlea ndovu, na ndovu anamlipia mama huyo karo ya shule. Vikundi vya akina mama wafugaji, hilo mlifikirie.

MBONA TUSIMFUGE TU?

Swali hili huulizwa kila mara, na lina majibu manne.

Moja, sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini bila kibali. Faini zake ni nzito na kifungo ni cha miaka, hasa kwa wanyama walio katika hatari ya kuangamia. "Nilikuwa namhurumia" haitoshi mbele ya hakimu kama umekaa naye miezi sita bila kusema. Anayeripoti siku hiyo hiyo ni msaidizi. Anayeficha anajitafutia kesi.

Mbili, mtoto hukua. Tumbili anayelala kwa blanketi ya mtoto leo, baada ya miaka michache atakuwa na meno marefu na hasira. Atamng'ata yule yule mtoto aliyekuwa akicheza naye. Tena nyani wanaweza kupata na kuleta magonjwa ya binadamu, kama kifua kikuu.

Tatu, mnyama aliyezoea watu hawaogopi tena. Wengi wamesikia habari za Elsa. Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyama, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa Uholanzi. Elsa alilelewa na George na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda, akaachiliwa huko Meru, na akazaa watoto watatu. Watu wengi hukomea hapo wanaposimulia. Lakini Elsa alikufa Januari 1961, na watoto wake wakaanza kula mifugo ya wananchi, hata ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, Tanzania. Mwaka 1971 simba mwingine aliyelelewa na watu, jina lake Boy, alimwua msaidizi wa Adamson huko Kora. Kama wataalamu waliokaa na simba maisha yao yote walipata haya, sisi wenye boma la mbuzi na watoto wa kwenda shule tutapata nini?

Nne, biashara. Mtu akija kijijini kuulizia watoto wa duma au ndege wa porini, huyo si mwokozi. Watoto wa duma hunyakuliwa Pembe ya Afrika na kuvushwa bahari hadi nchi za Ghuba kuwa mapambo ya matajiri, na wengi hufa njiani. Tena usimnunue mtoto wa mnyama njiani ati umwokoe. Ukilipa mia tano leo, kesho muuzaji atarudi porini kumtoa mwingine kwa mama yake. Mwone vizuri, kumbuka mahali, toa habari.

KAZI YA KIKUNDI: YATIMA WAPUNGUE

Dawa bora ni kuzuia. Yatima wengi hutengenezwa na mikono yetu au na vitu tulivyoacha wazi. Haya yako ndani ya uwezo wa kikundi chochote cha harambee.

Visima. Wakati wa kiangazi wafugaji huchimba visima kwenye mchanga wa laga. Usiku ndovu huja kunywa, na ndama huteleza ndani. Kundi humngoja, lakini kukicha watu hufika na kundi hukimbia. Ukimaliza kunywesha mifugo, funika kisima kwa magogo na miiba, au chimba upande mmoja uwe mteremko ambao mnyama anaweza kupandia. Mtoto wa binadamu naye atapona kwa mteremko huo huo. Mkimkuta ndama kisimani, mwiteni askari upesi. Mara nyingine ndama huweza kurudishwa kwa kundi lake kama halijaenda mbali, na hilo ndilo jema kuliko yote.

Maji. Ukame wa 2022 ulituonyesha. Serikali ilitangaza Novemba mwaka huo kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa kutoka Februari mpaka Oktoba. Nyuma ya ndovu jike anayekufa, mara nyingi kuna ndama. Tunapopanga birika za mifugo na malisho ya akiba, tufikirie na njia za wanyama, tusizizibe kwa ua.

Mitego ya waya. Waya hauchagui. Unategwa kwa ajili ya digidigi, unamnasa mama mwenye mimba, au ng'ombe wa jirani. Siku moja kwa mwezi vijana watembee pamoja na askari kuitoa.

Moto na fyekeo. Kabla ya kuchoma majani ya shamba au kukata nyasi, watu wawili watembee humo wakipiga miti chini, kutoka katikati kwenda nje. Mtoto aliyefichwa hatakimbia peke yake, kwa hiyo mtafute kwa macho. Ukimwona, ahirisha sehemu ile siku chache.

Mbwa. Wafungwe usiku, na wote wachanjwe kichaa kila mwaka.

Bundi. Tuseme wazi. Watu wetu wengi humwogopa bundi, wakasema analeta kifo, na makinda yake hupigwa mawe. Lakini bundi hula panya, na panya ndio wanaomaliza mahindi yetu ghalani. Kumwua bundi ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara. Kinda la bundi likianguka, wekeni ngazi, mlirudishe juu kwa kitambaa kizito, maana kucha zake ni kali.

MASWALI YA KUJADILI

Gawanyikeni watu watano watano. Kila kikundi kidogo kichukue maswali mawili, kisha mrudi pamoja.

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtoto wa mnyama aliyewahi kuletwa nyumbani? Aliishi muda gani? Tukitumia somo la leo, je, alikuwa yatima kweli?

2. Mtoto wako wa miaka minane amekuja na mtoto wa tumbili, analia ukimwambia amrudishe. Utamwambia nini, bila kuua huruma yake?

3. Ndovu wamekula shamba la mzee mmoja wiki iliyopita, na leo ndama wao yuko kisimani kwake. Mzee anasema, "Mwacheni afe." Ana haki ya kukasirika? Kikundi kitaongea naye vipi?

4. Ni visima na mashimo mangapi yaliyo wazi kwetu? Ya nani? Nani ataongea na wenyewe?

5. Wazazi wetu walikuwa na miiko gani iliyokataza kuua mnyama mwenye mimba au mwenye mtoto? Ni ipi ingali na faida leo?

Swali la tatu lisirukwe. Mtu aliyepoteza mahindi ya mwaka mzima ana uchungu wa kweli, na kumwita mkatili hakutasaidia. Msikilizeni kwanza. Mwandikieni ripoti ya hasara yake kwa KWS, mwende naye. Mkifanya hivyo, huenda yeye mwenyewe ndiye atakayeshika kamba ya kumtoa ndama.

KABLA YA KUFUNGA MKUTANO

Kikundi kiamue mambo manne, na katibu ayaandike pamoja na majina ya watakaoyafanya:

- Nani atatafuta nambari ya simu ya kituo cha KWS na ya daktari wa mifugo, na kuzibandika wapi, kabla ya tarehe gani.
- Watu wawili watulivu watakaoitwa mtoto wa mnyama akionekana. Wengine wote wabaki nyumbani.
- Gunia safi, sanduku lenye matundu na kipande cha sabuni vitawekwa kwa nani.
- Kisima cha kwanza cha kufunikwa ni kipi, na siku gani.

Mkutano ujao, anzeni kwa kusoma orodha hii. Lililofanyika lipigiwe makofi. Ambalo halijafanyika lipewe mtu mwingine na tarehe nyingine. Nanyi watoto wa shule mnaosomewa ukurasa huu, mkimwona mtoto wa swala amelala kwenye nyasi, rudini nyuma kimya kimya, mkamwambie mtu mzima. Mkimwacha hapo, mama yake atampata.